Pampu ya Petroli Husingiziwa: Jinsi ya Kuitafuta Hitilafu ya Umeme Garini

Achukuliwe mfano wa gari dogo la abiria aina ya Hiace, lenye injini ya petroli, linalotoka Igombe alfajiri kwenda Kirumba kwa njia ya Uwanja wa Ndege na Pasiansi. Ndani yake wamo wachuuzi wanaowahi soko la samaki la Mwaloni, pamoja na wanafunzi waendao shule. Penye mwinuko injini inakohoa, inapoteza nguvu, kisha inazimika. Dereva anangoja kidogo, anawasha tena, na injini inaunguruma vizuri gari likiwa limesimama. Likiondoka na kuanza kupanda, linazimika kama mwanzo. Fundi anaitwa. Anachomoa soketi ya pampu ya petroli, anaweka ncha za mita ya dijitali, na mita inasoma volti 12. Hukumu inatolewa papo hapo: umeme unafika, kwa hiyo pampu imekufa. Pampu nyingine inanunuliwa, tangi linashushwa, pampu inafungwa. Kesho yake gari linazimika palepale.

Mfano huu ni wa kufikirika, lakini hakuna gereji ya Nyakato au Buzuruga ambayo mafundi wake wataona ni mgeni. Mwenye gari hulipa mara mbili, na abiria hukosa safari. Baya zaidi ni lile linalofuata. Fundi akiisha kuchoka, huvuta waya mpya moja kwa moja kutoka kwenye betri hadi kwenye pampu, na gari hupona. Limepona, lakini kinga iliyowekwa dhidi ya moto imeondolewa bila abiria kujua. Chanzo cha mkasa wote huo ni kipimo kimoja ambacho hakikuwa cha uongo, ila hakikueleweka. Mita ilisema kweli kwamba volti 12 zipo; haikusema kwamba volti hizo zaweza kufanya kazi.

PAMPU ILIVYOHAMIA NDANI YA TANGI

Katika miaka ya 1960 na 1970 magari mengi ya petroli yalitumia kabureta, na petroli ilivutwa na pampu ya chuma na ngozi laini iliyofungwa ubavuni mwa injini na kusukumwa na mzunguko wa injini yenyewe. Pampu hiyo haikuhitaji umeme hata kidogo. Yalikuwapo machache yaliyotofautiana nayo. Morris Minor, kwa mfano, ilikuwa na pampu ya umeme ya SU, iliyosikika ikigonga taratibu mara ufunguo ulipofunguliwa. Ndani yake mlikuwa na sumaku ya umeme pamoja na vigusano viwili vilivyokuwa vikikutana na kuachana; vigusano vikichafuka, pampu ilikwama, na dereva mzoefu aliigonga kwa mpini wa spana ikaendelea. Huenda desturi ya kugonga tangi kwa ngumi, ambayo ingali hai hadi leo, ni urithi wa siku zile.

Kabureta ilitosheka na kanieneo ndogo, yaani kilopaskali 20 hadi 30 hivi. Injini za sasa, zinazonyunyiziwa petroli kwa nozeli, huhitaji takriban kilopaskali 300 katika magari mengi. Hicho ni zaidi ya mara tatu ya kanieneo ya hewa katika mji wa Mwanza, ambao uko kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 1,130 juu ya usawa wa bahari. Kazi hiyo hufanywa na mota ndogo ya umeme iliyozamishwa ndani ya petroli, tangini. Msomaji atauliza mara moja: mota yenye brashi, ambayo kwa kawaida hutoa cheche, yawezaje kukaa ndani ya petroli bila kulipuka? Jibu ni kwamba mvuke wa petroli huwaka tu unapokuwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 ya mchanganyiko wake na hewa. Ndani ya tangi mvuke umezidi kiasi hicho, na palipozama brashi hakuna hewa kabisa. Hatari iko nje ya tangi, mahali ambapo mvuke hukutana na hewa ya kutosha.

Petroli hiyo hiyo huipoza mota. Dereva ambaye daima hutembeza gari huku taa ya onyo la mafuta ikiwaka, akitia lita mbili asubuhi na mbili mchana, huiacha pampu ikifanya kazi katika joto ambalo haikukusudiwa. Hapa uchumi wa siku moja hugombana na uchumi wa mwaka mzima, na si kazi ya fizikia kuamua nani ashinde.

NJIA AMBAYO UMEME HUPITA

Umeme wa pampu huanzia kwenye ncha chanya ya betri, ukapita katika fyuzi kuu, ukafika kwenye rilei, ukapita katika fyuzi ya pampu (mpangilio wa fyuzi na rilei hutofautiana kwa gari na gari), ukafuata waya mrefu chini ya zulia la sakafu, ukapita soketi moja au mbili, ukaingia kwenye pampu. Safari haikuishia hapo. Ni lazima umeme urudi kwenye ncha hasi ya betri, na njia ya kurudia ni bodi ya gari yenyewe, ambayo mafundi huiita arthi. Mzunguko huu mzima huitwa sakiti. Wanafunzi wengi, na mafundi si wachache, huikumbuka nusu ya kwanza ya sakiti na kuisahau ya pili. Ilhali skrubu moja ya arthi iliyoshika kutu nyuma ya gari yaweza kuizimisha pampu sawasawa na fyuzi iliyoungua.

Rilei yahitaji maelezo. Ni swichi inayofungwa na sumaku ya umeme. Koili ya rilei ya kawaida ya volti 12 ina ukinzani wa omu 80 hivi, na kwa hiyo hutumia ampea 0.15 tu, lakini vigusano inavyovifunga hupitisha mkondo wa pampu, ambao ni ampea 5 hadi 8. Mkondo mdogo unauamuru mkubwa. Kwa sababu hiyo fundi akisikia rilei ikilia “tik” hajathibitisha kitu zaidi ya kwamba koili ni nzima. Vigusano vyaweza kuwa vimeungua na kuwa vyeusi kama mkaa ilhali mlio ni uleule. Njia rahisi ya kuijaribu ni kubadilishana na rilei ya honi, ikiwa zote mbili ni za aina moja, jambo ambalo katika magari mengi ni kweli.

Anayeiamuru rilei ni kompyuta ya gari, ambayo kwa tahadhari kubwa haiipi pampu umeme ovyo. Katika magari mengi, ufunguo ukifunguliwa, pampu hunguruma kwa sekunde mbili hivi, kisha hunyamaza. Itaendelea tu ikiwa kihisi kilichoko karibu na kranki kitatoa habari kwamba injini inazunguka. Katika mengine pampu haiwashwi kabisa mpaka stata izungushe injini. Makusudio ni hayo hayo: injini ikisimama, petroli isimame. Hivyo basi kihisi hicho kikifa, pampu nayo hunyamaza, na cheche za plagi hukatika pamoja nayo. Gari lililokosa petroli na cheche kwa wakati mmoja halina sababu ya kushushwa tangi. Ni afadhali kwanza kutafutwa kile ambacho vyote viwili hukitegemea.

MITA ILIYOSEMA KWELI

Mwaka 1827 Mjerumani Georg Simon Ohm alichapisha kanuni ambayo kila mwanafunzi wa sekondari huikariri: msukumo wa umeme, unaopimwa kwa volti, ni sawa na mkondo katika ampea ukizidishwa kwa ukinzani katika omu. Kanuni hii hukaririwa sana na hutumiwa kidogo. Basi itumiwe sasa kwenye gari letu la Igombe.

Ichukuliwe kwamba pampu hutumia ampea 6 ikipewa volti 12. Yaani ni kana kwamba ina ukinzani wa omu 2. (Mota si waya wa kawaida, na mkondo wake hubadilika kufuatana na mzigo, lakini makadirio haya yanatosha.) Ichukuliwe pia kwamba soketi iliyoko chini ya zulia imeingia maji, pengine ya mvua, pengine ya barafu ya samaki iliyoyeyuka, na shaba yake imeota kutu ya kijani yenye ukinzani wa nusu omu. Nusu omu ni kitu kidogo mno. Lakini imo katika mstari mmoja na pampu. Ukinzani wote sasa ni omu 2.5, na mkondo unashuka hadi ampea 4.8. Katika soketi mbovu hupotea 4.8 mara 0.5, yaani volti 2.4. Pampu hubakiwa na volti 9.6. Uwezo wake, uliokuwa wati 72, umeshuka hadi wati 46.

Hapa ndipo siri ya mwinuko inapofichuka. Gari likiwa limesimama, injini hutumia petroli kidogo, na pampu dhaifu huitosheleza. Likipanda mlima likiwa limejaa abiria, hudai petroli mara nyingi zaidi, pampu haiwezi kushika kanieneo, na injini huzimika kwa njaa. Kadhalika wati 11 na nusu hugeuka kuwa joto ndani ya soketi yenyewe, nayo ni kitu chenye ukubwa wa kidole gumba. Joto huzidisha kutu, kutu huzidisha ukinzani, na plastiki hugeuka rangi na kulainika. Soketi yenye dalili ya kuungua imekwisha kutoa ushahidi kabla mita haijatolewa mfukoni.

Sasa fundi anachomoa soketi ya pampu na kuweka mita badala yake. Mita ya dijitali imeundwa isisumbue sakiti inayoipima, na ukinzani wa ndani wa nyingi ni omu milioni 10. Mkondo unaopita ni kama ampea moja kwa milioni. Mkondo mdogo namna hiyo ukipita katika nusu omu hupoteza chini ya sehemu moja kwa milioni ya volti, na mita husoma 12.00 bila kutikisika. Kutu hiyo ingekuwa na ukinzani wa omu 1,000, kiasi cha kuifanya pampu isitikisike kabisa, bado mita ingesoma volti 12, ikipungukiwa na elfu moja na kidogo ya volti. Upungufu haujitokezi mpaka mkondo upite. Ni sawa na bomba la maji lililoziba kwa tope: ukilifunga mwishoni na kuweka kipimo cha kanieneo, kipimo kitaonyesha kanieneo kamili ya tangi la juu, kwa kuwa hakuna maji yanayotembea, fungua bomba, na kitachotoka ni matone.

GLOBU YA FUNDI

Mafundi wengi wa mitaani hawana mita. Wanayo globu iliyounganishwa nyaya mbili, na wasomi huelekea kuidharau. Katika shauri hili dharau hiyo haina msingi. Globu huvuta mkondo, na kwa hiyo huilazimisha sakiti ionyeshe uwezo wake.

Lakini globu ipi? Globu ndogo ya wati 5 huvuta ampea 0.4 tu. Ikiwekwa baada ya soketi yetu yenye nusu omu, itapungukiwa na volti 0.2, na hakuna jicho la kuona tofauti hiyo. Itaigundua kutu ya omu 100, si ya nusu omu. Globu ya taa kubwa ya mbele, ya wati 55 au 60, ni shahidi tofauti kabisa. Huvuta karibu ampea 5, kiasi kilekile ambacho pampu huvuta. Ikiwekwa mahali pa pampu, nusu omu huishusha hadi karibu volti 10, na kwa kuwa mwanga wa globu ya waya hupungua upesi kuliko volti zinavyopungua, huwaka kwa karibu nusu ya mwanga wake. Yeyote atauona uhafifu huo akiilinganisha na globu hiyo hiyo ilipounganishwa kwenye betri.

Yako masharti matatu. Mosi, globu iunganishwe kwanza, ndipo ufunguo ufunguliwe, ili cheche isitokee mkononi mwa anayepima. Na kipimo kisifanyike kabisa penye harufu ya petroli. Pili, katika magari ambayo kompyuta huipa pampu sekunde mbili tu, globu nayo itawaka sekunde mbili na kuzimika, na hiyo si hitilafu. Tatu, globu isitumiwe kamwe kwenye nyaya nyembamba zinazotoka kwenye kompyuta. Transista iliyokusudiwa kubeba sehemu ndogo ya ampea itaungua ikidaiwa ampea 5, na bei ya kompyuta huzidi bei ya pampu kadhaa. Kwenye nyaya hizo mita ya dijitali ndiyo yenye haki.

Jambo hili laweza kuonyeshwa darasani bila gari na bila tone la petroli. Katika Ilemela iko Bwiru, miongoni mwa shule za sekondari za ufundi za siku nyingi, lakini vifaa vinavyohitajika haviishindi shule yoyote ya kawaida: betri ya volti 12 yenye fyuzi ya ampea 15 karibu na ncha yake, globu ya taa kubwa, globu ya wati 5, mita, na waya wa jiko la umeme lililoharibika. Waya wa jiko la wati 1,000 la volti 230 una ukinzani wa omu 53 hivi, kwa hiyo kipande chenye sehemu moja kwa mia ya urefu wake kina nusu omu. Kipande hicho ndicho “soketi yenye kutu”. Wanafunzi wakiweka mita peke yake baada ya kipande, watasoma volti za betri. Wakiweka globu ndogo, mita itashuka kidogo sana. Wakiweka globu kubwa, mita itashuka kwa volti 2 au zaidi, na kipande cha waya kitakuwa moto kiasi cha kuunguza vidole. Kisiguswe, na kikae juu ya tofali au kigae. Mwalimu awatake wakadirie majibu kwa kanuni ya Ohm kabla ya kufunga swichi.

KUPIMA PAMPU IKIWA KAZINI

Mwenye mita, basi, hahitaji kuitupa. Anachohitaji ni kupima sakiti ikiwa imefungwa na pampu inazunguka, soketi zote zikiwa mahali pake, ncha za mita zikipenyezwa nyuma ya soketi. Na badala ya kuuliza “volti ngapi zimefika?”, aulize “volti ngapi zimepotea njiani?”. Ncha moja ya mita huwekwa kwenye ncha chanya ya betri, nyingine kwenye waya chanya wa pampu. Kama njia ingekuwa kamilifu, mita ingesoma sifuri. Njia halisi haiwi kamilifu: mita 5 za waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 1.5 zina ukinzani wa karibu omu 0.06, na kwa ampea 6 hupoteza theluthi moja ya volti. Kwa hiyo nusu volti yavumilika. Volti 2 hazivumiliki. Kisha upande wa pili hupimwa vivyo hivyo, kutoka ncha hasi ya betri hadi waya hasi wa pampu, na hapa hata nusu volti ni nyingi, kwa kuwa bodi ya gari ni njia pana.

Ikijulikana kwamba volti 2 zimepotea upande wa chanya, bado haijulikani zimepotelea wapi. Desturi ya wengi ni kuanza mwanzo na kufuata waya kiungo kwa kiungo. Ipo njia ya mkato: kupima katikati. Ikiwa njia ina sehemu 8 na moja tu ndiyo mbovu, kipimo cha katikati huziondoa sehemu 4 katika shaka, cha pili huondoa 2, cha tatu humaliza kazi. Vipimo 3 badala ya 7. Katika gari letu, mahali pazuri pa kuanzia ni kwenye rilei, kwa sababu pafikika bila kufunua zulia.

Maji ya Ziwa Victoria ni baridi, si ya chumvi, na kwa hiyo magari ya Mwanza hayaliwi na kutu kwa kasi ya yale ya pwani ya Tanga au Dar es Salaam. Hata hivyo magari yanayobeba samaki hudondokewa na maji ya barafu yaliyochanganyika na majimaji ya samaki, nayo hupitisha umeme na kula shaba kuliko maji matupu. Yakiingia chini ya zulia hukaa humo kwa siku nyingi.

Katika baadhi ya magari, hasa ya Ford na Land Rover za kizazi kilichopita, iko swichi nyingine ambayo dereva aghalabu hajui kwamba anayo. Ndani yake kuna gololi ya chuma iliyoshikwa na sumaku kwenye kitako cha kibakuli. Gari likigonga kitu, bodi husimama ghafula, lakini gololi, kwa inesha yake, huendelea na mwendo, hujing’oa kwenye sumaku, hupanda ukingo wa kibakuli na kukata umeme wa pampu. Mara chache kishindo cha shimo la barabara huweza kufanya hivyo pia. Kidude hiki hurudishwa kwa kubonyeza kitufe chake. Ila kabla ya kukibonyeza, ni lazima chini ya gari pachunguzwe kama petroli haivuji. Kimewekwa kwa ajili hiyo hasa.

FYUZI NA “DAIREKTI”

Fyuzi ikiungua mara moja, kuna sababu. Ikiungua mara mbili, sababu hiyo ingalipo. Kuweka ya ampea 30 mahali pa 15, au kuziba kwa uzi wa waya wa shaba, ni kuiacha sababu na kumwua mlinzi. Joto la waya hukua kwa mraba wa mkondo: mkondo maradufu, joto mara nne. Na ikiwa waya wa chanya utachubuka na kugusa bodi, ukinzani wote waweza kuwa omu 0.1 tu, mkondo utakuwa ampea 120, na joto litakalotolewa kwa jumla litakaribia wati 1,440, sawa na birika la umeme linalochemsha maji. Sehemu kubwa ya joto hilo itakuwa ndani ya waya uliolazwa chini ya zulia, kuelekea kwenye tangi.

Waya wa moja kwa moja kutoka kwenye betri, ambao mafundi huuita dairekti, una kosa la aina nyingine. Huiondoa rilei, kompyuta na, kama ipo, swichi ya gololi. Pampu sasa huzunguka muda wote ambao swichi yake imefunguliwa, injini iwe hai au imekufa. Gari likipinduka na mpira wa petroli ukakatika, pampu ya kawaida itaendelea kumwaga lita moja na nusu hivi kila dakika, kwa kanieneo, karibu na bomba la moshi lililo moto. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hautoki na kupaa, hutambaa chini hadi ukutane na moto. Watanzania walioona yaliyotokea Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, wakati petroli ya lori lililopinduka iliposhika moto na watu zaidi ya 100 wakafa, hawahitaji kuelezwa kasi ya moto huo.

Lakini dairekti ina matumizi yake halali, nayo ni ya dakika chache: kama kipimo. Pampu ikipewa waya mnene wenye fyuzi kutoka kwenye betri, pamoja na arthi yake mpya, ikanguruma kwa nguvu na gari likapanda mwinuko, pampu imeachiliwa huru na hitilafu iko katika njia. Waya huo utolewe, hitilafu itafutwe.

PAMPU IKIPATIKANA NA HATIA

Ikiwa volti karibu 12 zinasomeka kwenye nyaya mbili za pampu yenyewe, soketi ikiwa imechomekwa, na bado pampu haizunguki, au inazunguka na kanieneo haifiki, basi mwenye hatia amepatikana. Tangi likigongwa na pampu ikaamka, brashi zimekwisha. Itafika nyumbani, haitafika Musoma.

Kabla tangi halijafunguliwa, kanieneo iliyobaki katika bomba hutolewa kwa kuchomoa fyuzi ya pampu na kuiacha injini iwake mpaka izimike yenyewe. Injini isiyowaka kabisa huzungushwa kwa stata mara chache, na kiungo cha bomba hufunguliwa polepole kikiwa kimefunikwa kwa kitambaa. Kisha ncha hasi ya betri hufunguliwa, nayo ni hasi kwanza, kwa kuwa spana ikigusa bodi wakati wa kufungua chanya hutoa cheche kubwa. Kazi hii haifanywi juu ya shimo la gereji. Shimo ni mahali ambapo magari hutengenezwa kwa raha, na ni mahali ambapo mvuke mzito wa petroli hujikusanya kama maji kisimani, usionekane, karibu na taa ya mkononi ya anayefanya kazi chini. Gari hutolewa nje, kwenye upepo, mbali na jiko la mama lishe na mashine ya kuchomelea, na mchanga huwekwa karibu.